Chumvi inaila Coaster yetu, mjomba tufanyeje?

SWALI

Shikamoo mjomba. Mimi na mume wangu tuko Mwambani hapa Tanga. Tuliacha kazi Dar, tukanunua Coaster ya mtumba tukaigeuza nyumba, ina kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na sola juu ya paa, tukaipaki kwenye kiwanja chetu chini ya mkungu, yani kutoka mlangoni mpaka maji yanapofika bahari ikijaa ni hatua mia mbili tu. Sasa ndo mwezi wa nane toka tuipaki na tayari rangi ya chini ya mlango inafanya malengelenge, fremu za madirisha zile za aluminiamu zinatoa unga mweupe, na taa moja ya nyuma inawaka ikipenda. Sio kwamba hatuitunzi, kila Jumamosi naiosha mwenyewe kwa maji ya kisima chetu mpaka inang'aa. Jirani anasema tuifunike yote na turubai halafu tupige oili chafu kule chini. Mwingine anasema tuhamie zetu Korogwe yaishe. Mi sitaki kuhama mjomba, nimesubiri miaka mingi kuamka nikiisikia bahari. Tufanyeje?

Msomaji, Mwambani

JIBU

Marahaba mpwa wangu, na poleni sana. Korogwe hamwendi, gari inaweza kukaa pwani miaka na miaka ikitunzwa inavyotakiwa. Ila kuna jambo kwenye barua yako limenishtua kuliko hayo malengelenge, nalo ni hicho kisima.

Leo hii fanya hivi. Chota maji ya kisima, dondosha matone matatu kwenye kioo cha dirisha upande unaopigwa jua, pembeni yake dondosha matone matatu ya maji ya mvua, halafu nenda kapike chai. Ukirudi yatakuwa yamekauka. Pale pa mvua hutaona kitu cha maana. Pale pa kisima kama pamebaki duara jeupe, liguse kwa ncha ya ulimi. Weupe peke yake unaweza kuwa chokaa tu, mana mawe yetu huku ni matumbawe, lakini ulimi ukikwambia chumvi basi mpwa wangu kila Jumamosi umekuwa ukiipaka gari chumvi kwa mikono yako mwenyewe, tena ukiifikisha mpaka kule upepo usikofika. Visima vya karibu na bahari ndo vilivyo, maji matamu yanakaa juu na ya chumvi yako chini yake, sasa kiangazi mkichota sana yale matamu yanapungua ya chumvi yanapanda, na mtu aliyeyazoea kwa kunywa wala hasikii tofauti.

Tumia maji ya bomba. Ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, mto unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, hayo ni matamu. Kama bomba halijawafikia kingeni ya mvua, na hapa ndo nataka mjenge kibanda, nitakifikia hivi punde.

Kwanza uelewe chumvi inavyofanya kazi mana ukielewa hutadanganywa na mtu wa kuuza dawa. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Wimbi likipasuka linarusha vitone vidogo sana, vinakauka hewani vinabaki punje, upepo unazibeba, na nyingi zinaanguka ndani ya mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni, yani hapo hapo mlipo. Sasa chumvi ina tabia unayoijua jikoni, ukiiacha wazi asubuhi unaikuta imeloa. Inavuta maji ya hewani, unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi inageuka maji yenyewe, na alfajiri za Tanga kupita hapo ni kawaida. Kwa hiyo Coaster yenu inalala imeloa maji ya chumvi hata usiku ambao mbingu zimejaa nyota.

Halafu watu wanadhani mvua ndo adui. Mvua inaisaidia gari! Angalia malengelenge yako yako wapi, yako chini ya mlango, paani hujaniambia kama yapo. Paa linaoshwa na masika na vuli bila hata wewe kunyanyuka, lakini tumboni mwa gari, ndani ya matao ya matairi, nyuma ya bampa, chini ya mlango, mvua haifiki, chumvi ikikaa imekaa. Hivyo Jumamosi ukiosha anzia chini. Lala kwenye mkeka kabisa uone, tumia mpira wa maji wa kawaida, maji mengi yanayotiririka bila nguvu yanafanya kazi vizuri kuliko ile mashine ya presha ambayo inasukuma maji kwenye raba za madirisha na kwenye bearingi. Bodi lenyewe futa na shampuu ya gari, sabuni ya unga ya kufulia inaondoa waksi.

Ukiwa huko chini tafuta vitundu kwenye ukingo wa chini wa mlango, viko viwili vitatu, ni vya kutolea maji. Nina hakika karibu yote kwamba vyenu vimeziba, mana mko chini ya mkungu na majani ya mkungu yakioza yanakuwa tope. Chukua waya mwembamba uvizibue taratibu. Usishangae yakitoka maji meusi yenye mchanga, hayo ndo yaliyokuwa yanaula mlango kutokea ndani, malengelenge unayoyaona nje ni kutu iliyokwisha kuvuka. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndo mana inaisukuma rangi juu.

Tafadhali usiyapige puti na rangi ukaridhika. Mimi nilikuwa na pikapu Bagamoyo, nikaipeleka gereji moja wakaniziba malengelenge ikatoka mpya kabisa, nikafurahi. Haikupita mwaka nikalala chini yake na bisibisi kugongagonga chesisi, sehemu moja sauti ikabadilika kutoka ngi ngi ikawa pu, nikasukuma kidogo tu bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini kama imeingia kwenye papai. Niliitoa mkono unatetemeka, mana wiki ile ile nilikuwa nimebeba watoto nyuma. Toka siku hiyo sipaki rangi juu ya chumvi.

Yenu yapasue yote, kwangua na brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe na upite kama vidole vitatu kwenye rangi iliyo nzima, halafu, hii mafundi wengi wanairuka, osha tena kwa maji matamu, mana ndani ya vishimo vya kutu chumvi bado ipo na ukiifunika na rangi inavuta maji kupitia rangi hiyo hiyo. Ikauke juani kweli kweli. Kisha dawa ya kutu ile yenye asidi ya fosforasi, vaa glavu na miwani, halafu praima ya zinki, halafu rangi mikono miwili. Zinki inakubali kuliwa yenyewe ili chuma kibaki.

Turubai hapana. Mnapika humo, mnapumua humo, mvuke wote utakwama chini yake, na upepo ukilipepesa lenye punje za chumvi linasugua rangi kama msasa. Jengeni kibanda, nguzo na bati au makuti, pande zote wazi hewa ipite. Mkiweka bati la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 tu inawapa kama lita 200, ndo maji yenu ya Jumamosi hayo, ila yale ya mwanzo yaacheni yapite yaoshe bati kwanza. Na msisahau kwamba chini ya kibanda gari hainyeshewi tena, kwa hiyo kuosha kunakuwa lazima zaidi. Chini mwageni kokoto, gari isikae juu ya majani wala mchanga mbichi. Upande wa bahari pandeni mivinje, inavumilia chumvi na itapokea upepo kabla haujawafikia.

Oili chafu najua kila gereji inapiga, na mimi nimepiga ujanani. Ni nyepesi, haikai, inalainisha bushi na raba za breki, na inadondoka ardhini pale pale kilipo kisima chenu. Basi hiyo peke yake inatosha kukataa. Nendeni Deep Sea, soko la samaki hapo Tanga, mkaangalie wenye vyombo vya baharini, babu zao walikuwa wanapaka sifa, yani mafuta ya papa, ubao wa juu na deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini, na hawakusubiri chombo kivuje, kilipandishwa pwani kikakwanguliwa kikakauka ndo kikapakwa. Mpango ni huo huo kwa chuma: osha, kausha siku mbili, kwangua, ndo upake waksi ya chini ya gari, ikikosekana grisi nzito kwa brashi. Ile lami nyeusi ngumu siipendi, ikipasuka kidogo inaficha maji ndani na wewe unaona iko salama.

Unga mweupe kwenye fremu ni aluminiamu inaliwa, utauona umejaa zaidi kwenye vichwa vya skrubu. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi zinakuwa betri na aluminiamu ndo inayolipa. Skrubu zifungue moja moja, safisha na brashi laini, steeliwaya usitumie inaacha vipande vya chuma, weka washa ya plastiki na grisi kidogo ndo ufunge. Taa itoe glopu uangalie ndani, utakuta kijani kwenye shaba. Kwangua, paka vaselini, na ufuatilie waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi mana mara nyingi ndo wenye tatizo. Betri nazo vichwa vyake vaselini hiyo hiyo. Sola ifute kwa maji matamu tu.

La mwisho hukuniuliza lakini silali nisipolisema. Mtungi wa gesi unaliwa chini, pale unapokaa kwenye sakafu, na regyuleta nayo inaliwa. Inua mtungi uangalie kitako chake. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote, likitoa mapovu funga gesi, fungua milango, usiguse swichi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni karibu na mnapolala, kwa hiyo hakikisheni kuna tundu la hewa chini kabisa ya kabati la mtungi, linalotoka nje.

SWALI

Mjomba salama? Mimi niko Bagamoyo, Hiace yangu nimeiweka kitanda, naipaki karibu na ufukwe wiki tatu nne nikiwa safarini. Nikirudi handibreki imeganda, gurudumu halizunguki. Pia nauliza ni msimu gani mbaya zaidi?

JIBU

Salama mwanangu. Ukipaki muda mrefu usivute handibreki. Tafuta sehemu tambarare, weka gia, kama ni otomatiki weka P, halafu kaba matairi kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma. Handibreki ikivutwa zile brekishu zinabana drami, chumvi ikiingia kati inazishikisha kwa kutu. Ikishaganda usiilazimishe kwa kukanyaga mafuta utakata kitu, iachie, toa gurudumu, gonga drami pembeni taratibu kwa nyundo kuzunguka mpaka iachie, na gari iwe imekabwa vizuri kabla hujaweka jeki. Na mwombe mtu aisogeze hata mita kumi kila wiki.

Msimu, pepo za Kusi na Kaskazi zote zinakuletea chumvi ya bahari, ila Kusi ndo yenye nguvu, kuanzia kama Aprili hadi Oktoba. Piga waksi mwezi wa tatu kabla masika haijakolea na Kusi haijaanza, halafu rudia Novemba. Na kama umeshawahi kuipitisha kwenye maji ya ufukweni hata mara moja, kafungue bearingi za magurudumu wiki hii, zioshwe na ziwekwe grisi mpya.