Gari dogo lilishindaje gari kubwa kule Ards?

Umeuliza gari la cc mia saba na kitu lilipambanaje na makubwa, jibu ni kwamba wenye magari madogo walikuwa wanapewa raundi za bure bana. Hiyo ndo Tourist Trophy, mashindano ya magari ya Ards, Ireland ya Kaskazini, 1928 hadi 1936, barabara za kawaida kabisa zinafungwa halafu magari yanapita Dundonald, Newtownards na Comber, kama maili 13 na ushee kila raundi. Injini yako ikiwa ndogo unahesabiwa raundi kadhaa kabla hata hujaanza, mwenye kubwa anaanza sifuri anakukimbiza mchana kutwa.

Utamu wake ni 1933. Dereva Mwitaliano Tazio Nuvolari yuko na MG K3 (MG ni magari ya Uingereza), mbele yake dereva Hugh Hamilton na MG J4 ndogo zaidi, yenye supachaja lakini, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ipate nguvu. Hamilton akapoteza muda alipoingia kujaza mafuta, Nuvolari akampita mwishoni akashinda, tofauti sekunde 40 tu! Mi naona Hamilton ndo alistahili.

Mashindano ya Ards yalikufa 1936, gari moja lilivamia watu pale Newtownards wakafariki 8, watazamaji walikuwa wanasimama pembeni ya njia hivihivi.