Kumfuatilia babu yako, mkulima wa Virginia (Marekani) wa miaka ya 1780

Mkewe na wanawe hutawapata kwenye sensa: ya Virginia ya 1790 imepotea, na zote za kabla ya 1850 hutaja mkuu wa kaya tu. Anza na orodha za kodi za kaunti, kuanzia 1782, usiruke mwaka. Jina likitoweka, tafuta wosia au mirathi ya wakati huo. Mahakama ya kaunti iliungua pamoja na kumbukumbu zake? Nakala za orodha za kodi zilipelekwa Richmond, mji mkuu wa jimbo. Soma pia hati za mauzo ya ardhi. Mke akiachia haki yake ya mjane (fungu la ardhi ya mumewe ambalo angepewa mume akifa), jina lake limo. Angalia: "Senior" na "Junior" si lazima wawe baba na mwana; huenda ni majirani wa jina moja tu. Nasaba nyingi za mtandaoni zimeharibikia hapo.