Maswali ya Wasomaji: Nimeambiwa nina saratani, na ndugu wameniletea mitishamba

SWALI

Ndugu Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 46, na ninaishi Bombo. Mwezi uliopita nilikatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa kwenye uvimbe wa titi la kushoto, na majibu yakaonyesha kuwa ni saratani. Daktari amenieleza kwamba haijaonekana kwenye mapafu wala kwenye ini, na anataka nianze na dawa za kemo, zile za kuua seli za saratani, kisha nipasuliwe, kisha nichomwe mionzi. Mume wangu hataki kusikia habari ya upasuaji, kwa sababu shangazi yake alipasuliwa na baada ya miezi mitatu tukamzika. Anasema saratani ikiguswa na kisu huamka. Shemeji yangu naye ameniletea jerikeni ya lita tano ya mitishamba, na mganga aliyeitengeneza amesema niinywe miezi sita bila kuichanganya na dawa za hospitali. Kusema kweli, kemo naiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Je, nina ruhusa ya kukataa? Je, naweza kuanza na mitishamba, nikiona haisaidii nirudi hospitali?

Mama wa Bombo

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Umefanya vyema kuuliza kabla hujafungua hiyo jerikeni.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: ndiyo, unayo ruhusa. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kuelezwa ugonjwa na matibabu yake, kukubali au kukataa, na kutafuta maoni ya daktari mwingine. Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo saini inayotakiwa kwenye karatasi ya upasuaji ni yako. Mume na shemeji ni washauri wako, na ushauri wao una uzito wa mapenzi, lakini mwili unaotibiwa ni wako.

Swali la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Unasema utarudi hospitali ukiona mitishamba haisaidii. Utaonaje, dada yangu?

Nakuuliza hivyo kwa sababu nilimwuguza dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa na ugonjwa huo huo na akaahidi maneno hayo hayo. Alikuwa mshonaji, mtu wa vipimo, kwa hiyo kila Ijumaa alizungusha uzi kwenye uvimbe, akaukata na kuuweka ndani ya mkebe wa vifungo. Uvimbe ulipokuwa mgumu, mganga wake alisema dawa inaukausha. Ngozi ilipobadilika rangi, akasema ugonjwa unapanda juu ili utoke, na kidonda kilipofunguka na kuanza kutoa majimaji, akasema sasa unatoka. Nyuzi zilizidi kurefuka, na dada alipomwonyesha mganga, mganga alimwambia aache kupima kwa maana kupima ni kukosa imani. Ikapita miezi saba. Tulipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa, na daktari aliyetupokea, aliyekuwa mpole kwetu kupita kiasi, hakulitaja kabisa neno kuponya. Mkebe ule bado ninao.

Kwa hiyo ninakuomba umwulize mganga swali moja, na umwulize kwa heshima: dawa hii ikishindwa, nitajua kwa dalili gani, na baada ya siku ngapi? Muulize daktari wako swali hilo hilo. Daktari atakueleza kwamba kemo hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, na kwamba baada ya mizunguko kadhaa uvimbe hupimwa kwa mkono na kwa picha ya mawimbi ya sauti. Usipopungua, dawa hubadilishwa au upasuaji huletwa mbele. Maana yake ni kwamba tiba hiyo imewekewa tangu mwanzo mahali pa kukiri kuwa imeshindwa. Iwapo mganga hana jibu, au kila dalili kwake ni dalili ya kupona, basi ile kauli yako ya kurudi hospitali ukiona haisaidii haina siku ya kutimia.

Na miezi sita ni mingi kwa hali yako. Kilicho cha thamani kubwa katika maelezo ya daktari ni kwamba ugonjwa haujaonekana kwenye mapafu wala ini, kwa sababu katika hatua hiyo lengo la matibabu bado linaweza kuwa kuponya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifuatilia wagonjwa 281 ambao saratani yao haikuwa imesambaa na ambao walichagua tiba mbadala pekee, wakawalinganisha na wenzao waliotibiwa hospitalini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa hatari ya kufariki kwa waliochagua tiba mbadala ilikuwa mara mbili na nusu, na kwa wenye saratani ya matiti ilizidi mara tano. Wiki moja au mbili za kutafakari, kusali na kupata maoni ya daktari wa pili hazina ubaya, na daktari mwema atakupa muda huo. Miezi sita ndiyo ninayoikataa.

Sasa tuje kwenye kisu. Simlaumu mumeo, kwa kuwa alichokiona alikiona kwa macho yake. Hata hivyo, angeuliza shangazi alifika hospitali akiwa na hali gani. Wengi wetu Uganda hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kutembea, na wapo ambao daktari huwafungua na kukuta umeenea kuliko picha ilivyoonyesha, akawafunga tena. Mgonjwa wa namna hiyo hufariki baada ya muda mfupi kwa ugonjwa aliokuja nao, lakini jambo la mwisho ambalo familia inalikumbuka ni kisu, na kisu ndicho kinachobeba lawama. Kuondoa uvimbe wa titi pamoja na matezi ya kwapani hakuamshi saratani. Kwa wagonjwa walio katika hatua yako, upasuaji ni nguzo ya uponyaji. Usimweleze hayo wewe peke yako nyumbani. Nenda naye ndani ya chumba cha daktari, umwachie nafasi amweleze daktari habari ya shangazi kwa kinywa chake, naye ajibiwe.

Ninajua pia kwamba watu wetu wana sababu za kuziogopa hospitali. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika isiweze kutengenezwa, na mpya haikuanza kazi hadi mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha. Waliokuwa wakiisubiri wakati huo hawawezi kuambiwa kuwa hofu yao ni ujinga. Ila hofu hiyo ni sababu ya kuuliza mapema tarehe, gharama, nauli ya taksi na mahali pa kulala siku za mionzi; haitoshi kuwa sababu ya kukaa nyumbani.

Kuhusu mitishamba yenyewe, sisemi kwamba miti haina dawa. Paklitakseli, ambayo huenda ikawa miongoni mwa dawa utakazoandikiwa, ilitoka kwenye gome la mti wa pwani ya Pasifiki huko Marekani, na vinkristini, ambayo imesaidia kuponya watoto wengi wenye saratani ya damu, hutoka kwenye ua la Madagaska ambalo hata hapa hupandwa mbele ya nyumba. Wala elimu ya kemo si jambo la kigeni kwetu. Uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt (saratani ya tezi za limfu), ulielezwa na daktari mwenye jina hilo mwaka 1958 alipokuwa Mulago, na taasisi ya saratani iliyofunguliwa hapo mwaka 1967 ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo ulimwengu ulijifunza kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya saratani ya aina hiyo. Tofauti ya jerikeni yako na chupa ya kemo ni kwamba ya pili inajulikana kilichomo, kiasi gani kinafaa kwa uzito wako, na itaingiliana vipi na dawa nyingine. Jerikeni haina maelezo hayo, na ini na figo zako, ambazo zitakuwa na kazi kubwa ya kusafisha kemo, hazistahili kupewa mzigo usiojulikana. Kwa hiyo usiinywe wakati wa matibabu, na kama umekwisha kuionja, mwambie daktari bila aibu. Wagonjwa wengi huficha, naye daktari akiona vipimo vya ini vimeharibika hubaki akiilaumu kemo.

Lipo jambo moja ambalo ninakuomba ulibandike ukutani. Kwetu mtu akipata homa huchuma majani ya mululuza, akayaponda na kunywa maji yake machungu. Ukiwa kwenye kemo, usifanye hivyo. Kemo hushusha seli nyeupe za damu, hasa katika wiki ya pili baada ya dozi, na homa ya nyuzi 38 au zaidi siku hizo inaweza kuwa maambukizi yanayoua kwa muda wa saa chache. Nunua kipimajoto kabla ya dozi ya kwanza, na homa ikifika hapo nenda hospitali usiku huo huo.

Dua, kusomewa Kurani, kukandwa miguu na mwanao, uji mzito, chai ya tangawizi ikiwa daktari hana pingamizi: hayo yote yabaki, na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba kuchagua hospitali ni kuyaacha. Na hofu yako ya kemo usiione ndogo. Nywele mara nyingi huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu, na kichefuchefu kipo, ingawa zipo dawa za kukizuia ambazo zinafanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla hakijaanza. Moja ya dawa zinazotumika sana kwa saratani ya matiti ni nyekundu kama sharubati, na siku moja au mbili baada yake mkojo huwa mwekundu. Niliwahi kumwona mama mmoja akilia chooni akidhani anatoka damu, kwa sababu hakuna aliyemtangulizia habari hiyo.

Beba daftari. Andika jina kamili la ugonjwa na hatua yake, na uulize kama uvimbe umepimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, kwa sababu uvimbe ukiwa navyo kuna vidonge kama tamoksifeni ambavyo huongezwa na kumezwa kwa miaka. Uliza tiba hii inalenga kuponya, kurefusha maisha au kutuliza. Majibu hayo ukiyasoma mbele ya mumeo na shemeji yako, mtakuwa mnajadili kitu kimoja.

SWALI

Baba yetu ana miaka 71, anayo saratani ya umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, na imefika kwenye ini. Hajaambiwa. Daktari amesema hawezi kupona, ila anaweza kuwekewa mpira wa kumsaidia kumeza. Ndugu zangu wanataka kuuza shamba tumpeleke India. Baba anataka kurudi nyumbani tu. Tufanye nini?

Kijana wa Arua

JIBU

Mwanangu, pole. Huyu wa Bombo nimemsihi akubali matibabu makali. Nyinyi siwasihi hivyo, kwa sababu daktari amekwisha kuwaambia lengo lililobaki ni lipi. Kabla shamba halijauzwa, tumeni majibu yote kwa daktari wa pili hapa hapa nchini na mmwulize kama kuna kitu India kitakachobadilisha lengo hilo. Kama hakipo, mtakuwa mnauza ardhi ili mzee afie mbali na watu wake.

Mpira wa kumezea ufikirieni kwa makini, kwa maana mtu anayeweza kumeza uji na mate yake mwenyewe ana siku tofauti kabisa na asiyeweza. Maumivu nayo yana dawa. Tangu Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiopona, lianzishwe Kampala mwaka 1993, mofini ya maji ya kunywa imeenezwa nchini, na tangu mwaka 2004 hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi juu ya wauguzi wa huduma hiyo, na uulize kama wanaweza kumfuata mgonjwa nyumbani.

Lililobaki ni kumwambia, na hilo mmelikwepa. Mzee anayekataa chakula kwa kuwa hakipiti, na anayeomba kurejeshwa nyumbani, nadhani anajua zaidi ya mnavyodhani. Mmoja wenu, yule ambaye mzee hupenda kuzungumza naye, akae naye jioni akiwa ametulia, amwulize: "Baba, wewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha anyamaze, amsikilize.