Shada la kondoo na mzizi wa sikioni: niliyoyaona Bulgaria

Mkuu, umeuliza kama Wazungu nao hukinga zizi kwa majani au ni sisi tu. Wanakinga, tena sana. Nilisomea udaktari wa mifugo Bulgaria, na mwaka wa pili, majani yalipoanza kuchipua, rafiki yangu alinipeleka kijijini kwa bibi yake. (Bibi kwa Kibulgaria ni "baba". Kumwita ajuza baba, ulimi wangu ulikataa wiki nzima.)

Sikukuu yenyewe ni Gergyovden, siku ya Mtakatifu George, mlinzi wa mifugo. Huangukia 6 Mei, ambayo kwa kalenda ya zamani ni 23 Aprili. Zamani wachungaji waliajiriwa kuanzia siku hiyo mpaka Dimitrovden, siku ya Mtakatifu Dimitri, 26 Oktoba.

Tuliamshwa alfajiri. Vijana wakakata matawi mabichi na kuchuma maua yakiwa bado na umande, wakapamba mlango wa zizi na ndoo ya kukamulia. Kondoo aliyetangulia kuzaa mwaka ule akavishwa shada shingoni. Humo kulikuwa na majani yanayowasha, na mmea wa harufu kali uitwao zdravets, jina lililotokana na neno lao la afya. Maziwa yake ya kwanza yalikamuliwa yakipita kwenye tundu la mkate wa duara. Kisa? Wachawi. Inasemekana usiku huo kuna wanawake wanaopita malisho ya wenzao kukusanya umande, na aliyebeba umande wako kabeba na maziwa yako. Nikajisemea, kumbe husuda za jirani haziishii kwetu.

Mwanakondoo dume huchinjwa siku hiyo, na mifupa yake wengine huizika kwenye kichuguu cha sisimizi, ili kondoo waongezeke kama sisimizi.

Lakini kilichoniumiza kichwa ni kukuryak, ua la porini linalochanua mapema, baridi haijaisha. Kondoo akiugua, wazee humtoboa sikio na kupitisha kipande cha mzizi wake. Ule mmea ni sumu, unavuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo usije ukaiga kwa mzizi wowote wa huko kwako. Sikio huvimba, na kitaalamu inaelezwa kwamba uvimbe huo ndio unaoamsha kinga ya mwili. Si upuuzi mtupu, ingawa mimi nisingeuandikia mgonjwa.

Babu wa pale alimfanyia kondoo mmoja aliyekuwa akikohoa na kugoma kula. Sikio likaumuka kama andazi. Siku ya tatu huyo yuko malishoni, na babu anatutambia sisi wasomi. Shida ni kwamba mimi na rafiki yangu tulikuwa tumeshamchoma antibayotiki usiku uliotangulia, kimyakimya. Hatukumwambia, na mzee akaendelea kuusifu mzizi wake mpaka tunaondoka.