Muulize Nesi: Ujana haurudi kwa matone ya damu

SWALI: Habari nesi. Nina miaka 54, nauza vitenge Korogwe. Hedhi yangu ilikata nikiwa na 50. Tangu Ramadhani iliyopita naona matone ya damu, hasa nikishakutana na mume wangu, na majimaji yenye harufu. Duka la dawa walinipa vidonge vya kuingiza ukeni, harufu ikakata wiki moja ikarudi. Namshukuru Mungu sisikii maumivu. Wifi ananitania kwamba ujana umerudi. Ni kweli? – Mama Z.

JIBU: Shikamoo mama. Wifi yako mcheshi, lakini hapa kakosea. Hedhi ikishakata mwaka mzima, imekwisha. Damu inayokuja baada ya hapo, hata tone moja kwenye kanga, ni ya kumwonyesha daktari. Yaweza kuwa ukavu wa uke tu. Yaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, au ya kizazi chenyewe. Kwa barua siwezi kujua, na muuza duka naye hawezi.

Kilichonishtua ni hilo la kushukuru kutosikia maumivu. Mlango wa kizazi ukianza kuugua hauumi. Kiuno kukata, mguu kuvimba, mkojo kusumbua, hayo huja ugonjwa ukishatambaa.

Usiridhike na kipimo cha siki peke yake, kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kuona kama unabadilika rangi. Ukishakoma hedhi, sehemu tunayoitafuta, pale saratani ya mlango huanzia mara nyingi, hujificha ndani na siki haiifikii vizuri. Tena kipimo kile ni cha mtu asiye na dalili. Omba rufaa kwa daktari wa kinamama. Atakuangalia kwa spekulamu, chombo cha kupanua uke ili aone ndani, akiona haja atakata kinyama kidogo kiende maabara, na kizazi kipigwe ultrasaundi. Mweleze kama ulivyoniandikia: lini, baada ya nini, harufu ikoje. Na tafadhali, usijioshe ndani kwa sabuni wala shabu kabla ya kwenda. Utafuta kile anachotakiwa kukiona.

Aibu ya kile kitanda naijua. Niliwapima wenzangu miaka sita kabla sijakipanda mwenyewe. Nakumbuka baridi ya chuma na doa la maji kwenye dari, basi. Nikavaa nikarudi kazini.

Nenda wiki hii, vitenge haviozi. Na kama una binti aliyefika miaka 30, ongozana naye. Kwake siki inafaa, na wala asingoje dalili.