Gettysburg kwa siku moja: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza utauelewaje uwanja wa vita wa Gettysburg, Pennsylvania, kwa siku moja, usiishie kupiga picha za mizinga tu. Fuata mfuatano wa mapigano yenyewe, ya tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini. Anzia magharibi ya mji, kisha panda kilima cha Little Round Top, cha mapigano ya siku ya pili, ila usikawie. Watu hujazana pale.

Muda wako uweke kwa siku ya tatu. Simama penye sanamu ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, halafu tembea kuelekea mwinuko wa Cemetery Ridge, walikokuwa askari wa Kaskazini, kama kilomita moja na ushei. Askari wapatao 12,500 wa Kusini walipita hapohapo, peupe, mizinga ikiwatwanga. Ardhi inabonyea na kuinuka: mahali pengine unafichika, hatua chache mbele uko wazi kabisa. Ramani haikuonyeshi hilo.

Ukifika juu, tafuta kijumba cheupe cha Abraham Brian, mkulima mweusi aliyekuwa huru. Weusi wengi wa mji walikuwa wameshakimbia, maana jeshi la Lee liliwakamata watu weusi na kuwapeleka Kusini utumwani. Wageni wengi wanakipita bila kukitazama, lakini kama unakwenda na watoto, waelezee chanzo cha vita, yaani utumwa, papo hapo.