Kabla ya kufunga begi, tafuta kitabu cha mwenyeji

Mara ya kwanza nilipokwenda Unguja kupumzika, nilibeba kitabu cha mwongozo wa watalii na riwaya moja nene ya mambo ya Ulaya niliyoazimwa na rafiki. Nilikaa Mji Mkongwe siku nne. Nikaangalia milango ya nakshi, nikanywa urojo Forodhani, nikapiga picha kama kila mgeni. Nilirudi Dar es Salaam najua nauli ya boti ya kwenda Changuu, lakini mtu angeniuliza watu wa kule wanaishije, nisingekuwa na la kumjibu.

Nilipokwenda tena baada ya miaka miwili, nilibeba Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya huko huko Unguja. Nilikuwa nimeisoma kidato cha sita, kwa namna tunayoijua wengi: wahusika, dhamira, tamathali za semi, mtihani, basi. Kuisoma tena pale pale kulinibadilishia mji. Mhusika wake Yasmini alipokwenda kuishi na Mwajuma huko Ng'ambo, nami nilifunga kitabu nikatoka kwenda Ng'ambo, upande ambao safari ya kwanza sikuutia hata mguu. Nilipita Darajani, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini panaitwa hivyo. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Maji yamefukiwa, daraja halipo, jina limebaki. Ukishalijua hilo, huwezi tena kupita sokoni pale kama unapita soko lolote.

Tangu hapo nachagua kitabu cha safari kama ninavyochagua mwenyeji. Simtafuti mtu aliyepita hapo wiki mbili akaandika jinsi jua linavyozama. Namtafuta aliyezaliwa hapo, anayejua nani hasalimiani na nani na kwa sababu gani, anayejua watu wanakula nini mwisho wa mwezi. Mwongozo wa watalii utakuonyesha pa kulala, na una kazi yake. Lakini hautakupa swali la kumuuliza mzee uliyekaa naye barazani, na mimi naamini safari nzuri inaanza na swali.

Mahali nilipoliona hili kwa uwazi zaidi ni Ukerewe. Kisiwa kile cha Ziwa Nyanza kimetoa waandishi ambao mikoa mizima ingewaonea fahari. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Gabriel Ruhumbika ni wa huko huko. Na kabla yao wote kulikuwa na Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akamaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House. Miaka 35 ya kungoja! Mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Kila nikiyafikiria haya naona tuna deni kwa mzee yule, na njia ya kulilipa ni kumsoma.

Basi nilipopanga kwenda Ukerewe nilibeba viwili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na Rosa Mistika ya Kezilahabi. Cha Kitereza nilianza kukisoma nyumbani wiki mbili kabla, ili majina yanizoee. Nakushauri ufanye hivyo hasa kama kitabu ni kirefu, maana ukikifungulia ukurasa wa kwanza ndani ya meli utakuwa unapambana na majina badala ya kuangalia ziwa.

Meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio inachukua kama muda wa saa tatu. Nilikuwa nimekaa na Kitereza mapajani, na mzee mmoja aliyekuwa upande wa pili akawa anakiangalia kile kitabu bila kusema kitu. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu. Huyo unayemsoma ni wa kwetu." Akasogea. Nilikuwa nimefika pale Myombekere anapodaiwa pombe ya ndizi na wakwe zake ili arudishiwe mke, kwa kuwa walikuwa wamemchukua binti yao baada ya kuona ndoa haina mtoto. Nikamuuliza babu kama mambo hayo aliyakuta. Kuanzia hapo hadi Nansio sikusoma ukurasa mwingine. Alinieleza pombe ilivyopikwa, nani aliruhusiwa kuonja kwanza, na adabu aliyopaswa kuwa nayo mkwe akifika kwa kina mke wake. Yule babu asingeanza kunisimulia hayo kama ningekuwa nimeinamia simu. Ndiyo maana kwa safari nashauri kitabu cha karatasi. Simu haimwambii jirani yako unasoma nini, ila jalada linamwambia.

Kilinisaidia hata mezani. Nansio niliagiza samaki, wakaniletea sangara. Kwa Kitereza wamo samaki wa kila namna, ila sangara hakumtaja, na asingeweza kumtaja: sangara aliingizwa katika ziwa lile miaka ya 1950, mswada ukiwa umekwisha kuandikwa. Samaki ambaye leo tunamwita wa Mwanza kama vile amekuwapo tangu enzi na enzi, Myombekere hakumjua. Nilikaa mbele ya sahani ile nikaona jinsi ziwa lilivyogeuka ndani ya umri wa mtu mmoja.

Rosa Mistika inahitaji tahadhari. Rosa anatoka kwao Namagondo kwenda kusoma Mwanza, kwa hiyo anavuka maji yale yale niliyoyavuka mimi, kwa kuelekea upande wa pili. Kitabu kilitoka mwaka 1971 na kwa muda kilizuiwa mashuleni. Ni kikali, na mwisho wake unauma. Nilikisoma usiku katika nyumba ya wageni, peke yangu, na siku iliyofuata sikuwa na raha ya kutembea. Kama umekwenda kupumzisha moyo, kisome asubuhi, au kisome ukisharudi.

Na nilikosea jambo moja ambalo nataka wewe usilikosee. Nilifika Namagondo nikiwauliza watu kuhusu akina baba wakali kama Zakaria, baba yake Rosa, kana kwamba kijiji kizima kimeganda ndani ya kitabu. Mama mmoja akanijibu kwa upole, "Hayo ni ya wakati ule, dada. Uliza na ya sasa." Alikuwa na haki. Mwandishi alikuonyesha nyumba moja, wakati mmoja. Nenda na kitabu chako, lakini waliopo mbele yako ndio wanaojua ya leo.

Kwa safari fupi, usibebe kitabu cha kurasa mia sita. Anayekwenda Unguja mwisho wa wiki anatosheka na Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake atakwisha kabla boti ya kurudi haijafunga gati. Anayekwenda Lamu na kuvuka hadi Pate, abebe Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Ni utenzi wa beti sabini na kitu tu, unaingia mfukoni, na unasimulia majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki ukiwa. Usomwe kwa sauti, hapo hapo kwenye magofu. Lugha ni ya zamani, ya kaskazini, kwa hiyo tafuta chapa yenye maelezo.

Nunua kabla hujaondoka. Nimeshafika mji mmoja nikazunguka maduka matatu nikitafuta kitabu cha mwandishi wa mji huo huo, nikakuta vitabu vya shule ya msingi na daftari. Hapa Dar nazipitia kwanza meza za vitabu vya mitumba pale Posta, kisha maduka ya vitabu, na naanza mwezi mzima kabla ya safari, kwa sababu vitabu vya zamani havipatikani siku unayovitaka.

Nakala ile ya Kitereza sikurudi nayo. Tulipokuwa tunashuka Nansio babu aliniomba nimwonyeshe tena jalada, akapitisha kidole kwenye jina la mwandishi. Akasema ana mjukuu yuko kidato cha pili, anapenda kusoma, na nyumbani hawana kitabu hiki. Nilibaki nacho siku tano nilizokaa kisiwani, nikakimalizia usiku wa mwisho, na asubuhi nikampelekea.